Maswali Yenu: Mbona watu wa klabu wananichekea tu lakini hawanizoei?

Haya jamani, toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za watu wetu walioko Japani wanaojiunga na klabu za hobi, nikadhani yameishia hapo, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika, nyingine ndefu kama wosia. Nimechagua chache, nimezifupisha, majina nimeyaondoa. Mimi mwenyewe niko Saitama miaka mingi na nina visonobari vyangu kibarazani, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha kwenye mambo ya miti.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Kitanzania nasoma huku Saitama. Nilijiunga na klabu ya mtaani ya bonsai, ile miti midogo ya kukuzwa vyunguni, karibu wote ni wazee, wanakutana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa mtaa. Mwaka umepita sasa. Wananisalimia vizuri, chai napewa, mti wangu wanausifia hata nikiuleta umekauka nusu. Ila hakuna aliyewahi kunialika popote, hakuna anayenirekebisha, hakuna anayeniuliza habari za kwetu. Nahisi hawanitaki ila wanaona aibu kunifukuza. Niendelee au niache? – Mpenda Miti

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache bwana, maana mwaka mmoja kwa hesabu za watu wa bonsai ndo kwanza umefika mlangoni. Hawa wazee wana msemo kwamba kujifunza kumwagilia ni miaka mitatu, yaani maji tu, mkasi bado hujashika. Sasa kama maji ni miaka mitatu, wewe unataka urafiki kwa mwaka?

Tuanze na hilo la kusifiwa mti uliokauka. Ukiona bado unasifiwa hivyo ujue bado unahesabiwa mgeni, na mgeni hakosolewi, anapewa chai. Siku mzee mmoja akiinama akautazama mti wako kimya halafu akasema hili tawi la chini mbona umeliacha, siku hiyo shangilia, maana ndo umeanza kuhesabika. Na hiyo siku unaweza kuisogeza wewe mwenyewe. Usiulize "mnauonaje mti wangu", swali hilo jibu lake Japani ni moja tu, mzuri sana, basi. Uliza kitu kidogo chenye jibu, kati ya haya matawi mawili nikate lipi, au udongo nibadilishe mwaka huu au nisubiri mwakani. Tena muulize mtu mmoja akiwa pembeni, usimuulize huyu mbele ya yule, kwa sababu kila mzee ana njia yake na ukiwaweka mahali pa kupingana hadharani wote wawili watakwambia yote sawa tu halafu watakukwepa. Akishakujibu, fanya alichosema, na mwezi unaofuata ulete mti ule ule auone. Hapa ndo wengi wetu tunapoharibu. Mtu anauliza, anashukuru sana, anaenda nyumbani anafanya anavyojua yeye, mwezi ujao anamuuliza mwingine swali lile lile. Wazee wanaona yote hayo, hawasemi tu.

Na kushukuru huku ni mara mbili. Unashukuru pale pale, halafu mkikutana tena, hata kama ni mwezi mzima baadaye, unaanza kwa kumshukuru kwa lile la siku ile kabla hujaingia kwenye mazungumzo mengine. Kwetu ukirudia hivyo mtu anaweza kudhani unajipendekeza. Huku usiporudia ndo wanajiuliza kama ulikumbuka.

Sasa kubwa kuliko yote, kazi. Klabu yenu lazima ina maonyesho yake, hata kama ni ya siku mbili tu kwenye ukumbi huo huo. Ukienda saa ya kufungua umekosa sehemu yenyewe. Nenda siku ya kupanga, meza zibebwe, vitambaa vitandikwe, vibao vya majina viwekwe, halafu baki siku ya kubomoa ambapo kila mtu kachoka na ufagio unatafuta mwenyewe. Wenzako wana miaka sabini, themanini, migongo inauma, na ile miti mikubwa inabebwa na watu wawili. Ila angalizo, usinyanyue mti wa mtu hujaambiwa. Vyungu vingine ni vya kale vya kutoka Uchina na vinaweza kuwa ghali kuliko mti uliomo ndani. Simama karibu, mikono mitupu, usiwe na simu mkononi. Mtu akikwambia "shika upande huu" amekukabidhi mali yake na roho yake juu. Urafiki wa watu hawa unajengwa hapo kwenye kubeba na kufagia, stori zinakuja zenyewe mkiwa mmekaa kwenye maboksi mnakunywa chai ya kopo.

Kuhusu kualikwa, usipime kwa kipimo cha nyumbani. Kwa kuwa uko Saitama nenda siku moja kijiji cha bonsai cha Omiya kama hujaenda. Wale ni watunza miti waliotoka Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923, wakatafuta ardhi nzuri, maji safi na nafasi, wakahamia pale kuanzia 1925. Mwaka 1928 wakajiwekea masharti ya kuishi pale: kila kaya iwe na bonsai zisizopungua kumi, uzio uwe wa mimea, nyumba isiwe ya ghorofa, na geti liwe wazi kwa watu kuja kutazama. Geti wazi, si unaona, watu wakarimu kabisa. Lakini geti wazi ni kwa ajili ya bustani, sebuleni ni habari nyingine. Mjapani anaweza kuwa rafiki yako miaka kumi na hujawahi kuona jikoni kwake, nyumba nyingi ni ndogo na kualika mtu ni shughuli, wala sio kwamba hakupendi. Nyie mnakutana nje, kwenye kitu. Kwa hiyo wewe ndo utoe wazo na liwe la kitu chenye tarehe. Februari kuna Kokufu-ten pale jumba la sanaa la jiji la Tokyo, Ueno, maonyesho makubwa ya bonsai tangu 1934. Tarehe 3 hadi 5 Mei kuna tamasha pale pale Omiya. Sema mimi naenda Jumamosi asubuhi treni ya saa tatu, kama kuna anayekwenda tuongozane. Mtu anaweza kuja bila kujifunga sana, na akikataa hajakuvunjia heshima. Ukisema tu "tutafutane siku moja tutoke" atakujibu ndio ndio na hakuna kitakachotokea mpaka kiama.

Na hili la kutoulizwa habari za kwenu, mdogo wangu, sio dharau. Watu wengi wa huku wanaona kumchimba mtu maswali ni kuingia chumbani kwake bila hodi, wanasubiri useme mwenyewe. Kuna kisa nakipenda sana. Mwaka 1976 Japani iliizawadia Marekani miti 53 ya bonsai kwa miaka 200 ya uhuru wao. Mmoja ulikuwa msonobari wa mzee Masaru Yamaki wa Hiroshima, mti unaotunzwa tangu 1625. Upo mpaka leo bustani ya taifa kule Washington. Sasa mwaka 2001 wajukuu zake wawili wakaenda kuutembelea, ndipo waangalizi wa bustani wakaelezwa kwamba mti ule ulikuwa nyumbani kwa akina Yamaki siku ya bomu la atomiki, 6 Agosti 1945, kama kilomita tatu tu kutoka lilipolipukia, ukanusurika pamoja na familia. Miaka 25 wameumwagilia maji hawajui. Mzee alitoa zawadi hakutoa maelezo. Basi na wewe usisubiri uulizwe, leta picha ya mbuyu wa kwenu uweke mezani wakati wa chai, utaona maswali yanavyotoka.

Kitu kimoja cha kuangalia, picha. Usirushe mtandaoni bustani ya mtu, hata kama umeona ni sifa kwake. Januari 2019 huko Kawaguchi, hapo hapo Saitama, wezi walibeba miti saba kwenye bustani moja, mmojawapo wa miaka kama 400 wenye thamani ya zaidi ya yen milioni kumi, na mama mwenye nyumba akaandika mtandaoni akiwaomba wezi angalau waumwagilie maji na akawaelekeza namna ya kuutunza. Kwa hiyo watu wana woga, na ukipiga picha bila kuuliza halafu ikaonekana mahali, hutafukuzwa, ila utaanza kuona hupati habari za vikao.

Utajuaje umefika? Kiangazi huku bonsai inataka maji kila siku, siku za joto kali hata mara mbili, ukikosa siku moja tu mti wa miaka hamsini umekwenda. Mzee akilazwa hospitali au akisafiri kwa mwanae, lazima mtu amwagilie. Akikupigia wewe simu, mambo yamekwisha.

SWALI: Assalam aleikum. Mie niko Maskati, asili yetu Unguja. Nafuga samaki wa koi miaka mingi sasa. Oktoba iliyopita nilikwenda Niigata, Japani, na ajenti. Kwa mfugaji mmoja nikamuona kohaku, yule koi mweupe mwenye mabaka mekundu, mzuri ajabu, nikatoa fedha taslimu, mfugaji akacheka akasema huyu hauzwi. Siku ya pili nikasikia keshamuuzia mtu mwengine. Huu si ubaguzi? – Mfugaji wa Maskati

JIBU: Wa aleikum salaam kaka. Ubaguzi upo duniani na Japani haikusamehewa, sitakuapia kwamba haukuwa huo. Ila kabla hatujafika huko nikwambie namna mfugaji wa koi anavyofikiri, kwa sababu kwa namna ulivyoeleza mimi naona kuna kitu kingine.

Samaki yule kwake sio bidhaa ya dukani. Amechaguliwa kati ya maelfu na maelfu ya watoto, wengine wote wakatolewa, akakaa kwenye bwawa la tope milimani kiangazi kizima, na Oktoba hiyo uliyokwenda ndo mavuno, ndo kwanza wanawatoa wawaone walivyokua. Mfugaji anatazama mbele miaka mitatu, minne, anajiuliza huyu atafika wapi na jina langu litasomwaje kwenye maonyesho. Akimuuzia mtu asiyemjua, samaki akaenda kwenye maji mabaya akaharibika, ndo imetoka hiyo. Akimuuzia mtu anayemjua, anaweza kumwona tena. Kwa hiyo neno "hauzwi" mara nyingi maana yake ni hauzwi kwako bado. Na fedha taslimu uliyoitoa mbele yake haikusaidia, ndugu yangu, inawezekana ndo ilimaliza kabisa. Watu wenye fedha wanapita kule kila msimu, na bei zinajulikana, kohaku mmoja wa Hiroshima mwaka 2018 aliuzwa yen milioni 203, sasa mfugaji mzuri hababaiki na noti.

Hebu jikague. Ulimtanguliza ajenti au ulimruka ukaongea na mfugaji mwenyewe kwa ishara? Aliyekupeleka ndo mdhamini wako, ukikosea wewe anakosea yeye, na miaka yote aliyojenga pale inatikisika. Hata kama asilimia yake inakuuma, usimruke, na ukirudi mwaka ujao rudi naye yule yule. Uliingiza mkono kwenye maji? Najua hamu inakuwaje, samaki wenyewe wanakuja kukudoea vidole. Lakini mwaka 2003 virusi vya koi viliua samaki kwa wingi ziwa Kasumigaura, tangu hapo watu hawataki mkono uliotoka bwawa la jirani uguse maji yao, wala wavu, wala viatu vyenye tope. Ulipatana bei kama uko soko la Mutrah? Huko usianze wewe. Muulize ajenti kimya kimya kama bei ina nafasi, atajua namna ya kulisema, na mara nyingi mfugaji akikupenda anapunguza mwenyewe au anakuongezea samaki mdogo wa juu.

Ushauri wangu, mwaka huu usiende kutafuta samaki wa ajabu. Nunua mmoja mdogo wa mwaka mmoja, wa bei ya kawaida, umwombe mfugaji abaki naye mpaka msimu ujao amlee kwenye bwawa lake. Ni jambo la kawaida huko, kuna ada yake, na mkubaliane kabisa kupitia ajenti samaki akifa hasara ya nani. Wewe umemwachia mali yako kwa neno lake tu, na yeye kiangazi chote akimwona samaki yule anakukumbuka. Oktoba unakuja kumtazama, siku hiyo mna stori moja ninyi wawili. Ukimtumia picha za bwawa lako Maskati na vipimo vya maji, bora zaidi, anataka kujua wanae wanaishi wapi.

Na ukipata nafasi ya kukaa naye kwenye chai, jua uko kwa watu waliopata msiba. Tarehe 23 Oktoba 2004 tetemeko liliipiga milima ile, kijiji cha Yamakoshi kikahamishwa chote, barabara zilikatika mpaka samaki wa mbegu wakabebwa kwa helikopta. Mabwawa mengi unayoyaona yamejengwa upya. Usianze wewe kuuliza. Akianza yeye, sikiliza, usimkatize kwa bei ya samaki.

SWALI: Sasa dada! Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Tokyo, nimejiunga na grupu ya kukimbia jioni. Shida ni watu wakisikia Kenya wanafikiri mimi ni kama akina Wanjiru. Mimi kilomita tano namaliza nikihema vibaya sana. Wakiniona nimebaki nyuma wanaona haya kwa niaba yangu, na mazungumzo yanaisha. Nifanye nini? – Mkenya Asiyekimbia

JIBU: Hahaha, pole. Lakini tuwaelewe, hawajalitoa hewani. Douglas Wakiihuri aliishi na kufanya mazoezi huko huko Japani, akachukua dhahabu ya maratoni ya dunia Roma 1987. Hakone Ekiden, zile mbio za vyuo za kupokezana zinazowakalisha watu mbele ya televisheni tarehe 2 na 3 Januari, zina Wakenya tangu 1989. Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai kuanzia 2002, miaka sita baadaye akashinda maratoni ya Olimpiki Beijing. Mtoto wa Kijapani anakua akiona Mkenya anapokea ule mshipi wa kupokezana akiwa nafasi ya kumi na anaukabidhi akiwa nafasi ya pili. Halafu unatokea wewe.

Fanya hivi, cheka wa kwanza. Siku ya kujitambulisha kwenye grupu sema kabisa mimi ndo Mkenya aliyebaki nyumbani wakati wenzake wanakimbia kwenda shule. Ukishalisema wewe wanapumua, maana walikuwa hawajui wacheke au wanyamaze. Halafu kaa nyuma kwa raha zako. Wanaokimbia mbele wanatazama saa, wanaokimbia nyuma ndo wanaongea, na kila grupu ina watu wa nyuma, wapo, wanasubiri mwenzao.

Kama mnazunguka Kasri la Mfalme, ni kilomita tano na watu wote wanazunguka kinyume cha saa, usije ukawa wewe peke yako unakuja upande wao. Na wakimaliza wengi wanaoga pamoja kwenye bafu za umma za maeneo yale. Nenda. Najua, najua, kuvua nguo zote mbele ya wafanyakazi wenzio wa hobi sio jambo letu, na sikulazimishi. Ila ukienda jisugue na ujisuuze vizuri kwenye kistuli kabla ya kuingia kwenye maji ya pamoja, taulo lako dogo lisiguse maji, na kama una tatuu ulizia kwanza. Mle ndani watu wanafunguka kuliko sehemu yoyote nyingine. Nisikuongope, wanawake ndo usiseme.

Na siku ya mbio wanapotafuta wa kugawa maji, jitolee. Mkenya anagawa maji, picha hiyo watakaa nayo miaka.

SWALI: Dada, mimi mtu wa Mombasa, nipo Osaka, napiga ngoma za taiko na kikundi. Kila tukimaliza shoo wanakwenda baa kula na kunywa. Mimi Muislamu. Nikienda naona vibaya, nisipoenda nahisi natengwa. – Binti wa Mombasa

JIBU: Nenda ile ya kwanza, ya pili waage. Huwa kuna duru mbili, hata tatu, na kuondoka baada ya ya kwanza ni kawaida kabisa, wenye watoto wote wanaondoka hapo. Kila kikundi kina mtu anayepanga hiyo karamu. Mwandikie yeye peke yake mapema, siku kadhaa kabla, kwamba hunywi na nguruwe huli, samaki na mboga unakula. Usingoje mpaka sahani zimefika mezani ndo uanze kuuliza mchuzi umetiwa nini, maana hapo unamfedhehesha yeye aliyepanga. Nakukumbusha vyakula vingi vya huko vina mirin au sake, yaani pombe za mchele, ndani ya mchuzi, hivyo chagua vya kuchoma kwa chumvi, matunda, maharage ya edamame, na kila mtu na msimamo wake.

Kinywaji agiza chai ya oolong ya baridi, glasi inafanana na zao, unagonganisha nao na hakuna anayejali. Kumiminiana pombe utaona wanavyofanya, wewe huna haja, jirani yako atafanya. Bili ikija inagawanywa sawa kwa wote hata kama wewe umekunywa chai tupu. Lipa. Mimi nimeona watu wetu wanakokotoa pale pale mezani, mimi nimekula hiki na hiki, jamani, fedha unayookoa haifiki hata nauli ya treni na wenzio wanatazama meza. Wapangaji wengine wakijua hunywi wanakupunguzia wenyewe, ukipunguziwa pokea ushukuru.

Kwa nini nasema nenda? Kwa sababu kwenye mazoezi mwalimu hawezi kukwambia mbele za watu kwamba mkono wako wa kushoto unachelewa, na wenzio hawawezi kumwambia mwalimu wamechoka na ule wimbo. Pale ndo yanasemwa, na kesho hakuna anayeyarudia.

SWALI: Mwalimu wangu wa kendo, ule mchezo wa kupigana kwa panga za mianzi, hapa Kanazawa kanialika kwake mwaka mpya, mimi na wenzangu wawili. Nabeba nini? – Kutoka Bukoba

JIBU: Hongera, hiyo sio ndogo. Beba kitu cha kula, kimefungwa vizuri, kiasi cha kawaida tu, kwa sababu ukibeba cha bei kubwa unampa deni, atatafuta namna ya kukurudishia na mke wake atapata kazi ya kuzunguka madukani. Vipande visiwe vinne wala tisa. Mpe kwa mikono miwili mkishaingia ndani, sio mlangoni na mfuko wa plastiki, na usishangae akiuweka pembeni bila kufungua. Viatu vua, vigeuze vitazame mlango, na zile ndala za chooni ziache chooni.

Kahawa ya nyumbani ni wazo zuri sana, na nina utani hapa. Japani arabika ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ikitoka Mbeya au Mbinga, Mjapani anaijua kama Kilimanjaro na anaipenda kweli. Ila kanuni zao za biashara ya kahawa zinasema ya Bukoba haimo. Kwa hiyo wewe Mhaya umekatwa, hahaha. Beba yako hivyo hivyo umweleze kisa, utakuwa na cha kuongea mpaka jioni.

SWALI: Napiga picha za treni, nipo Nagoya. Majuzi mzee mmoja kanifokea kwelikweli pale darajani. Nilifanya nini? – Treni Mchana na Usiku

JIBU: Bila shaka ulisimama mbele yake. Wale watu wanafika alfajiri, wengine kabla jua halijachomoza, nafasi zinahesabika kwa nani kafika kwanza na mwenye stendi ya kamera nyuma yako ana pembe yake aliyoipima. Siku za treni maalum ndo hatari, Januari 2025 Doctor Yellow, ile treni ya njano ya kukagua reli ya kampuni ya JR Tokai, ilipostaafu reli nzima ilijaa watu.

Ukifika mahali salimia waliopo hata kama hawatazami, uliza "nikisimama hapa nitaingia kwenye picha yako?" na uchuchumae ukiambiwa. Stesheni usitumie stendi wala usivuke ule mstari wa njano. Tengeneza vikadi vidogo vya hobi, jina lako la utani, picha yako moja nzuri na akaunti, wenzio wengi wanavyo na wanabadilishana pale pale. Utakuja kugundua umejuana na mtu miaka mingi, mnatumiana habari za ratiba usiku wa manane, ukikwama mlimani anakuja kukuchukua na gari lake, na jina lake halisi hulijui wala kazi yake. Usimuulize. Na yule mzee wa darajani ukimkuta tena, nenda ukamsalimie wa kwanza na umwoneshe picha uliyopata siku ile, hasa kama imetoka vibaya.